Daftari la Mambo ya Umri

Siku hizi vijana wetu wengi huandika katika simu zao orodha ya mambo wanayotaka kuyafanya kabla ya kufa. Mmoja ataka kupanda mlima Kilimanjaro, wa pili ataka kupanda ndege, wa tatu ataka kuuona mji wa Istanbul. Desturi hii ilienea sana baada ya filamu moja ya Kimarekani ya mwaka 2007, iliyohadithia wazee wawili wagonjwa waliotoka hospitali kwenda kuyatimiza matamanio yao kabla ya mauti kuwafika. Baadhi ya wazee wenzangu waliposikia khabari hii walicheka, na wengine waliichukia, wakasema kuwa Muislamu hapangi umri asiokuwa na mamlaka nao. Mimi sikucheka wala sikuchukia. Niliona kuwa wenzetu wameokota kitu kilichoanguka mlangoni mwetu.

Kwani ni nani aliyefundishwa kuandika kabla ya mauti kuliko Muislamu? Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar, kuwa mtu mwenye kitu cha kuusia haimfalii kulala siku mbili illa wasia wake uwe umeandikwa naye anao. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu nini? Yahusu kuandika deni na muda wake. Nabii Yusuf (A.S.) alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakusema tu kuwa njaa inakuja, alipanga miaka saba ya kulima na kuweka akiba kwa ajili ya miaka saba ya shida. Na katika Hijra, Sayyidna Abubakar alikwisha walisha ngamia wawili kabla ya siku ya safari. Njia ilikuwa na kiongozi wa kuajiriwa, pango lilikuwa limechaguliwa, chakula kilikuwa na mwenye kukileta, na mbuzi walipitishwa nyuma ili kufuta nyayo. Watu hawa walimtegemea Mwenyezi Mungu kuliko sisi, na juu ya hayo walipanga.

Ila iko adabu yake. Katika Suratul Kahf tumekatazwa kusema kuwa kesho nitafanya jambo fulani pasi na kuliambatisha na mapenzi ya Mola. Na iko hadithi moja ambayo kila mwaka nawachorea wanafunzi wangu ubaoni, kama alivyochora Mtume (S.A.W.) mchangani kwa riwaya ya Ibn Mas'ud. Alichora mraba, akachora mstari katikati yake uliotoka nje ya mraba, na vijistari vidogo vidogo vikiuelekea ule wa kati. Akaeleza kuwa mstari wa kati ni mwanadamu, mraba ni ajali yake imemzunguka, na sehemu iliyotoka nje ni matumaini yake. Vile vijistari ni misiba. Kimoja kikimkosa, kingine kitampata. Kila anayetaka kuandika orodha ya mambo ya umri wake naaichore picha hii katika ukurasa wa kwanza. Mimi nimeichora hapo.

Daftari langu nililifungua siku ya pili ya Mfunguo Mosi, mwaka 1443, yaani mwezi wa Mei 2022, nami nimekwisha vuka hamsini. Ni daftari la kawaida, la kurasa mia moja, lenye jalada gumu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nikaona kuwa umri ni mali ghali kuliko mchele na sukari, nao wapotea bila hata mwenye duka kujua. Niliandika mambo tisa. Sikuyaandika kwa mpango wa kupenda, bali kwa mpango wa haki: kwanza haki za viumbe, kisha haki za Mola, kisha matamanio yangu ya halali. Mtu akianza na matamanio, atafika Istanbul na madeni yake yamemsindikiza mpaka uwanja wa ndege.

Deni la kwanza nililoliandika halikuwa langu. Lilikuwa la marehemu baba yangu kwa muuza mbao mmoja, na wote wawili wamekwisha tangulia mbele ya haki. Nikawatafuta warithi, nikawalipa, nikapata saini zao. Jambo hilo lilichukua majuma matatu, na lilikuwa limekaa miaka kumi na tisa likizungumzwa tu katika kila matanga. Wasia nao niliuandika juma lile lile, mbele ya mashahidi wawili. Sina zaidi ya kusema juu ya hayo mawili. Ni mambo mepesi kuliko yanavyoogopwa.

Ama kalenda ndiyo iliyonifikirisha. Mwaka wetu wa Kiislamu una siku 354 au 355, na mwaka wa jua una siku 365 au 366. Kwa hivyo mambo yetu yarudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka, na kwa muda wa kama miaka thelathini na mitatu Ramadhani huzunguka majira yote. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja mwezi wa Januari na ya pili ikianza mwishoni mwa Disemba. Mwenye kutoa zaka kwa kufuata kalenda ya ukutani ya Januari mpaka Disemba, bila ya kuzihesabu zile siku zilizozidi, katika umri wake wa utu uzima huacha zaka ya mwaka mzima bila ya kujua. Wazee wetu wa pwani walizishika hesabu mbili pamoja. Kwa ibada walihesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Kwa kulima na kusafiri baharini walihesabu kwa jua tangu Siku ya Mwaka, kwa miongo ya siku kumi kumi. Nahodha aliyejua mwongo hakuwa na haja ya kuambiwa lini pepo zitageuka. Basi nami daftarini nimepiga safu mbili: ya mwezi kwa mambo ya ibada, ya jua kwa mambo ya mvua, mishahara na ada za shule.

Binti yangu alinitilia mambo hayo pia katika simu, ikawa inalia kila Ijumaa baada ya Alasiri, saa ninayokaa kujihesabu. Namshukuru. Simu ni mkumbushaji mzuri sana, hachoki wala haoni haya. Lakini kwa kupanga naipenda karatasi zaidi, kwa sababu kilichofutwa simuni hakiachi alama, na kilichokatwa daftarini kimebaki pale pale kikikutazama. Mtu yafaa aone alichokikata.

Jambo la nne lilikuwa kuikamilisha Kurani moyoni. Nilikuwa nimehifadhi juzuu kumi na moja tangu ujana wangu, na kazi ya kusomesha imenizuia nisizisahau. Zilibaki kumi na tisa. Msahafu wa Madina tunaoutumia chuoni una kurasa 604, kila juzuu ni kama kurasa ishirini. Basi mbele yangu zilikuwapo kurasa 380. Nikajiuliza: mtu wa umri wangu, mwenye vipindi vya asubuhi na jioni, aweza kuhifadhi kiasi gani kwa siku na kesho yake akaamka nacho? Nikajaribu ukurasa mzima, nikaona wateleza. Nikajaribu nusu, ikakaa. Nusu ya ukurasa kwa siku tano za juma, na siku mbili za kurudia. Ramadhani yote ni ya kurudia, haina jipya. Kwa hesabu hiyo hupatikana kurasa 115 hivi kwa mwaka wa mwezi, na kazi yote ni ya miaka mitatu na miezi mitatu au minne. Nilipoiona hesabu hiyo imeandikwa, nilicheka peke yangu, kwani kwa muda wa miaka ishirini nilikuwa nikiwajibu watu kuwa mtu mzima hawezi tena.

Mambo hayakwenda kama yalivyoandikwa. Mwaka wa pili mtoto wa jicho alinizidia, nikawa sioni herufi ila kwa tabu, na karibu miezi kumi ilipita mpaka nilipofanyiwa operesheni na kupona. Katika daftari miezi ile ina mstari mmoja tu ulioinama, ulioandikwa na mwanangu kwa imla yangu: kurudia tu, hakuna jipya. Mtume (S.A.W.) ametwambia kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu ijapokuwa ndogo, na mwenye kupanga kwa nusu ya ukurasa hufaidika na maneno haya wakati wa udhuru, kwa kuwa kilichosimama ni kidogo na kukiinua tena si kazi kubwa. Mwaka 1446 ulipofunga, nilikuwa na juzuu ishirini na tano.

Sasa nije kwenye hija, kwani humo ndimo daftari lilimonitia katika mtihani.

Katika nchi ya Malaysia, watu wa mashamba walikuwa wakiweka fedha za hija chini ya mito na ndani ya vyungu, na wengine waliuza shamba na ng'ombe ili kwenda Makka, wakarudi wakiwa mahujaji mafukara. Mwaka 1959 mtaalamu wao mmoja wa uchumi, Ungku Abdul Aziz, alileta shauri la chombo cha kuweka akiba ya hija bila ya riba, na mwaka 1963 chombo hicho kikaanza kazi. Leo chajulikana kwa jina la Tabung Haji, nacho kina mamilioni ya wenye kuweka akiba. Mtu huko humfungulia mtoto wake akiba ya hija angali mchanga. Mimi sina Tabung Haji. Nilianza na kibubu, kisha nikahamishia benki, katika akaunti isiyokuwa na riba, kidogo kila mwezi wa mwandamo. Kiasi kinachohitajiwa nilikiandika kwa penseli, kwa kuwa bei ya safari haikai mahali pamoja hata miaka miwili. Mwaka nao niliuandika kwa penseli: 1448.

Usiku mmoja nilikuwa nikifanya hesabu hizo ukumbini, na mama yangu amekaa kitandani pake akivuta tasbihi. Yeye umri wake umepita themanini. Miguu yake haimfikishi tena hata uwani bila ya kushikwa, na daktari alitueleza kuwa hapana tamaa ya kurudi kama ilivyokuwa. Akaniuliza naandika nini. Nikamsomea mambo tisa, moja baada ya moja. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, na mimi umeniandika wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule. Mimi nilimhesabu mama katika watu wa kuhudumiwa. Kumbe naye ana orodha yake, haikuandikwa popote, na ina jambo moja tu. Aliitamani hija tangu msichana.

Sheria yetu katika jambo hili iko wazi, na nimeisomesha mara nyingi. Mwanamke wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume (S.A.W.) katika Hija ya Kuaga kama aweza kumhijia baba yake mzee asiyeweza kukaa juu ya mnyama, akajibiwa kuwa ndiyo. Kwa hivyo mlango wa badali uko kwa mtu aliye hai ambaye kushindwa kwake hakutarajiwi kuondoka. Lakini iko pia hadithi ya mtu aliyesikiwa akileta talbiya kwa ajili ya Shubruma, akaamrishwa ajihijie mwenyewe kwanza kisha amhijie Shubruma. Mimi sijahiji. Basi siwezi kwenda kwa ajili ya mama. Na nikingoja niende kwanza kwa ajili yangu, kisha niweke akiba tena ya safari ya pili, hesabu yangu ya penseli ilisema ni miaka mingi ambayo mwenye miaka themanini hapewi dhamana yake.

Nilimwendea alimu mmoja wa mji wetu nikamfungulia daftari lenyewe. Alizitazama fedha zilizokusanyika. Hazikufika nusu ya gharama za safari yangu. Kwa hivyo, alisema, uwezo kwako haujatimia na hija haijakulazimu. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hata aliyelazimiwa ana wasaa wa kuchelewesha maadamu ana azima na hachelei kushindwa, ingawa Maimamu wengine wamesema ifanywe kwa haraka. Lakini fedha zile zile zilitosha kumlipia mtu aliyeko Makka, aliyekwisha kujihijia, amhijie mama. Akaniambia nisiifanye haraka katika kumchagua mtu, kwani wako wanaopokea fedha za watu watatu kwa hija moja, na hija moja haiwi ila ya mtu mmoja.

Nakiri kuwa usiku niliopaswa kufuta 1448 mkono wangu ulikuwa mzito. Si fedha zilizoniuma. Tangu utoto nimewasomesha watu sura ya Nyumba ile, na nikaipangia tarehe, na tarehe ilikuwa karibu. Nikafuta, nikaandika 1451, nikamwendea mama kumuomba idhini yake kwa maneno, kwa kuwa aliye hai hahijiwi bila ya idhini yake. Akanipa.

Mtu tulimpata miongoni mwa wanafunzi wangu wa zamani, kijana anayesoma huko, aliyekwisha hiji. Siku ya Arafa ilikuwa Alkhamisi, tarehe 5 Juni 2025. Saa zetu na saa za Makka ni moja, basi tulijua wakati wa kisimamo kama tulio nao pamoja. Tangu Adhuhuri mama alikuwa ametawadha amekaa, hataki kula wala kulala. Baada ya Alasiri simu ikalia. "Shikamoo bibi," akasema kijana, na nyuma yake tukisikia sauti za watu kama mawimbi. "Niko Arafa. Nilitia niya kwa jina lako, nami nakuombea." Mama akaishika simu kwa mikono miwili. "Marahaba mwanangu," akasema. "Litaje jina langu na la baba yangu, wasinichanganye na mwengine."

Tangu siku ile watu wa mtaani humwita Hajjati kwa mapenzi, naye huwasahihisha kuwa yeye hakwenda. Lakini hawasahihishi kwa sauti kubwa.

Mwaka huo wa 1451 sikuuandika kwa kubahatisha. Katika hija ya mwaka 2024, iliyoangukia katikati ya Juni, joto la Makka lilipita digrii hamsini, na serikali ya Saudia ilitangaza kuwa watu 1,301 walifariki, wengi wao wakiwa wamekwenda bila ya kibali, wakatembea masafa marefu juani pasipo hema wala basi. Mwenye kupanga hija na afikirie pia kibali, na miguu yake, na majira. Kwa kurudi kule kwa siku kumi na moja, hija sasa yaondoka katika ukali wa kiangazi cha bara Arabu. Arafa ya mwaka 1451 itakuwa, Mola akipenda, kati ya mwezi wa Aprili 2030. Nami kila siku baada ya Alfajiri hutembea mpaka ufukweni na kurudi, mwendo wa saa moja, kwa kuwa tawafu na sai hazipandiwi kibubu peke yake.

Katika matamanio ya halali niliandika moja tu, nalo ni kuuona msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kale hukadiriwa kujengwa katika karne ya 11 au ya 12, na mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331. Nilikwenda kwa basi, pamoja na vijana wanne wa chuoni, kisha kwa mashua. Tuliswali rakaa mbili karibu na kuta zile. Wako watakaosema ni anasa. Mimi naona kijana aliyeziona nguzo zile kwa macho yake hataambiwa tena na mtu kuwa dini yetu ilifika pwani hii jana.

Limebaki jambo la tisa, la minazi. Chuo chetu kina kiwanja kidogo cha wakfu nyuma ya kisima, na nilinuia kupanda miche kumi na miwili ili mapato yake yanunue mikeka na misahafu. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na watu waliniuliza kwa nini sikupanda papai. Nikawajibu kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha kuwa hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, na aupande akiweza. Tuliipanda mvua za masika zilipoanza. Miwili imeliwa na mdudu chonga, mmoja umevunjwa na mbuzi wa jirani, na jirani ameleta mche mwingine mwenyewe bila ya kuombwa. Kumi iko hai. Mwezi ujao wa mwandamo, Insha Allah, tutaziba mapengo mawili na kuutengeneza ua. Nimekwisha andika jina la kijana atakayeleta miti.